Tusi la Mtani na Tusi la Redio

Msibani Chemchem, mjini Tabora, mtani wa marehemu hufanya mambo ambayo mtu mwingine akiyafanya atafukuzwa kwa fimbo. Huuiga mwendo wa marehemu, humwita bahili mbele ya wanawe, na huzuia maiti isitoke mpaka alipwe. Mjane aliyekuwa akilia hujikuta anacheka. Hakuna anayekimbilia polisi, ingawa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89, inaharamisha matusi yanayoweza kuvunja amani.

Ruhusa hiyo ilipatikana kwa miguu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi pwani walikatiza nchi za watu waliogombana nao kwa ajili ya maji na hongo. Utani na Wagogo na Wazaramo uliwapa haki ya kutukanana bila kushikana mashati, pamoja na wajibu wa kuzikana pale mmoja alipofia njiani. Haki na wajibu vilikwenda pamoja, na hapo ndipo ninapouheshimu utani. Anayetukanwa anajulikana, yupo au jamaa zake wapo, na anaweza kujibu kwa tusi kubwa zaidi. Asiye mtani akiyajaribu maneno yaleyale, amekosa.

Taarabu ya mipasho nayo ilikuwa na adabu yake. Vikundi vya TOT na Muungano vilipopashana jijini Dar es Salaam miaka ya 1990, tusi lilifichwa ndani ya fumbo na kila upande ulikuwa na jukwaa lake la kujibia.

Redio na televisheni hazina usawa huo, kwa sababu msikilizaji hana kipaza sauti. Waingereza walitafuta dawa kwenye saa. Mhakiki Kenneth Tynan alipotamka tusi la ngono BBC tarehe 13 Novemba 1965, zogo lilifika bungeni; leo neno hilo husikika baada ya saa 3 usiku. Kenya nayo imeweka mpaka wa saa 4 usiku. Sisi tumezoea kufungia. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, na Desemba wasanii hao wakazuiwa kupanda jukwaani baada ya kuuimba tena. Sina ugomvi na kuwalinda watoto. Ugomvi wangu ni kwamba sikio letu limeelekezwa kwenye maneno ya chumbani, huku maneno yanayomvua mtu utu wake yakipita kwa kicheko.

Huko Uingereza, utafiti wa mwaka 2021 wa Ofcom, mdhibiti wa utangazaji, ulionyesha watazamaji wakizidi kuyavumilia matusi ya kawaida, na wakichukizwa zaidi na maneno ya kubagua rangi, dini au ulemavu. Sisi tulilijua hilo kwa gharama ya damu. Mauaji ya watu wenye ualbino, Tabora ikiwemo, yalitufundisha kwamba jina lililozoeleka mitaani, zeruzeru, lilikuwa limekwisha kumtoa mtu katika hesabu ya watu kabla panga halijainuliwa. Vyombo vya habari vikaliacha, na vilifanya vema.

Lakini orodha ya maneno haitoshi. Afisa mmoja angeweza kulifuta neno "kiziwi" kwa nia njema, akaweka maelezo marefu badala yake. Wenyewe wamekiita chama chao CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Wenye jina ndio wenye kauli.

Ndiyo maana siukubali utetezi wa "tunataniana tu" unaotolewa studioni. Mwaka 2014 maelfu ya waliokimbia Burundi mwaka 1972, wakiwemo wa Ulyankulu mkoani Tabora, walipewa uraia wa Tanzania. Mtangazaji anayeiga lafudhi yao ili wasikilizaji wacheke hana utani nao: hajawahi kuwazika, wala hajawapa nafasi ya kumwiga yeye. Huyo ametukana, hata kama hakutamka neno moja la chumbani.

Watayarishaji wa vipindi vya asubuhi, mkitaka kumtania mtu hewani, mwiteni studioni, mpeni kipaza sauti, naye awajibu mpaka aridhike. Asipokubali kuja, acheni.