Kiungo

Kwa mafundi wa magari wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura, "maji ya betri" hayahitaji maelezo. Neno linalotupa taabu ni la kile kitu kidogo kinachotiwa ndani ya maji hayo kuyabadili tabia. Wengi huandika "nyongeza". Hapana. Nyongeza ni ziada, ukiikosa huumii. Mimi nasema kiungo, kama iliki ndani ya pilau: kidogo, lakini ndicho kinachoamua.

Chukueni betri zinazofanyiwa utafiti, zenye sodiamu tupu upande wa hasi. Sodiamu ipo tele katika chumvi na magadi, ila ikiwa metali ni kali mno. Ikigusa maji ya betri, huyala na kujivika utando. Utando ukipasuka wakati wa kuchaji, sodiamu huota miiba, na mwiba ukifika upande wa chanya, betri inapiga shoti. Hapo hutiwa fluoroetilini kaboneti, asilimia chache tu. Huvunjika kwanza, ikaacha utando wenye floridi ya sodiamu, mgumu zaidi.

Si kila mchuzi unataka kiungo. Mwaka 2015 Yi Cui na wenzake wa Stanford walionyesha kuwa chumvi inayofaa katika kimiminika cha jamii ya etha hujenga utando imara bila kutiwa chochote.

Kiungo pia ni sehemu ya mwili, najua, muktadha utatofautisha. Walimu wa kemia, litumieni.