Wasimamizi wa Njia za Milimani

Ukisoma ripoti za miradi ya vijana ya Marekani ya karne ya 20, utakuta hesabu ya kila kitu: miti iliyopandwa, maili za njia zilizochongwa, madaraja, kambi, hata ratili ambazo kila kijana aliongeza mwilini kwa kula vizuri. Asiyehesabiwa ni yule aliyewapanga alfajiri, akawagawia sururu na mitaimbo, kisha akawaongoza kwenda kwenye mwinuko. Kila mara nchi ile ilipowapeleka vijana nyikani kujenga njia za miguu, kazi ilifanikiwa kwa sababu ya mtu huyo, au ikaanguka kwa kumkosa. Waliotia saini sheria huko Washington wameshaandikwa vya kutosha.

Kabla ya kuwapo vikosi vya vijana, hifadhi za California zilikuwa chini ya jeshi. Mwaka 1903 Kapteni Charles Young, aliyezaliwa utumwani Kentucky mwaka 1864 na kuwa Mweusi wa tatu kuhitimu chuo cha kijeshi cha West Point, alipelekwa Sequoia pamoja na askari Weusi wa Rejimenti ya 9 ya wapanda farasi. Barabara ya kwenda Giant Forest, kwenye ile miti mikubwa kuliko yote duniani, ilikuwa imesuasua kwa miaka. Young, askari wake na vibarua wa maeneo yale waliimaliza katika msimu mmoja, na kazi yao ikapita ya misimu mitatu iliyotangulia ikijumlishwa pamoja. Walipomaliza, aliwaandalia karamu wote walioshiriki. Wenyeji walitaka mti mmoja uitwe kwa jina lake. Akakataa, akawaambia kama baada ya miaka 20 bado watakuwa na nia hiyo, basi wafanye. Mti ukapewa jina la kiongozi Mweusi Booker T. Washington. Young mwenyewe alifia Lagos, Nigeria, Januari 1922, akiwa bado kazini. Ningependa kujua wangapi kati ya watalii wanaopita pale leo wamewahi kulisikia jina lake.

Miaka saba baada ya barabara ile, Agosti 1910, moto mkubwa ulifagia misitu ya Idaho na Montana. Ed Pulaski, mlinzi wa misitu, aliwaingiza watu wake kama 45 katika shimo la mgodi uliohamwa karibu na mji wa Wallace, akakaa mlangoni na bastola ili asitoke mtu. Karibu wote waliokoka. Yeye aliumia macho, na serikali haikumlipa fidia ya maana. Baadaye alibuni zana yenye shoka upande mmoja na tezo upande wa pili, nayo inaitwa pulaski hadi leo. Vikosi vingi vya njia Marekani hupanda mlima na zana hiyo.

Kisha ukaja mdororo mkuu wa uchumi. Franklin Roosevelt aliapishwa kuwa rais tarehe 4 Machi 1933. Sheria ya kuanzisha kikosi cha uhifadhi kilichokuja kujulikana kama CCC ilitiwa saini tarehe 31 Machi. Na kufikia tarehe 17 Aprili kambi ya kwanza ilikuwa imefunguliwa katika msitu wa George Washington, Virginia. Vijana wa miaka 18 hadi 25, wasiooa, wenye wazazi wasio na kazi, walilipwa dola 30 kwa mwezi, na dola 25 kati ya hizo zikapelekwa moja kwa moja nyumbani. Mwaka 1935 kikosi kilipita vijana 500,000. Kilipofungwa mwaka 1942 karibu watu milioni 3 walikuwa wamekipitia, na miti iliyopandwa inakadiriwa kufika bilioni 3.

Kasi hiyo ndiyo iliyoleta shida ambayo waandishi wengi huipita mbio. Vijana wengi walitoka mitaa ya New York, Philadelphia na Chicago. Hawakuwa wamewahi kushika shoka. Jeshi liliendesha kambi: chakula, vitanda, mavazi, nidhamu. Lakini jeshi halikujua kuchonga njia, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeshapiga kelele kwamba ujira wa dola moja kwa siku chini ya maofisa wa jeshi unanuka ufashisti. Roosevelt aliwatuliza kwa kumteua Robert Fechner, kiongozi wa chama cha mafundi mitambo, kuwa mkurugenzi. Huko vijijini nako watu walinung'unika: misitu ni yetu, kazi hatuna, mnatuletea watoto wa mjini?

Jibu la malalamiko hayo lilikuwa uamuzi wa busara kuliko yote katika historia ya kikosi kile. Serikali iliruhusu kuajiriwa kwa wenyeji wenye uzoefu, kama 25,000 hivi, nje ya masharti ya umri na ndoa. Walikuwa wakataji magogo, waashi wa mawe, wafuga nyumbu na wachimba migodi waliopoteza kazi. Kwa makaratasi waliajiriwa ili kupoza hasira za vijiji. Kwa vitendo waligeuka walimu wa taifa zima. Mzee aliyejua jiwe lipi litakaa na lipi litateleza alipewa vijana ishirini, akawafundisha kwa kuwaonyesha. Waliofanya vizuri miongoni mwa vijana wenyewe walipandishwa kuwa viongozi kwa dola 45 kwa mwezi, na wasaidizi wao kwa dola 36. Nyongeza hiyo ya dola 15, kwa maoni yangu, ilileta nidhamu kuliko paredi zote za asubuhi.

Mpango huo ulikuwa na doa. Sheria yenyewe ilikataza ubaguzi wa rangi, kwa kifungu kilichowekwa na mbunge Mweusi Oscar De Priest. Fechner alikizunguka, na mwaka 1935 akaagiza kambi zitenganishwe kote. Vijana Weusi wapatao 200,000 walipitia kikosi kile, wengi wao wakisimamiwa na Wazungu, kwa kuwa nafasi za uongozi walinyimwa. Kambi zilizoongozwa na maofisa Weusi, kama ile ya Gettysburg, zilikuwa chache mno. Basi nafasi ya huyo msimamizi ninayemsifu ilikuwa pia mlango uliofungwa kwa makusudi. Wanawake hawakukubaliwa kabisa. Eleanor Roosevelt, mke wa rais, alipigania kambi zao, zikapatikana kwa uchache na kwa kubezwa, na zikafungwa mwaka 1937.

Mwaka huohuo, tarehe 14 Agosti, kikosi cha CCC kilifungua kipande cha mwisho cha njia ya Appalachian karibu na Mlima Sugarloaf, Maine. Benton MacKaye alikuwa ameipendekeza mwaka 1921, na vilabu vya wapenda milima vikaijenga kwa kujitolea, wikendi baada ya wikendi, hadi ikawa na urefu unaozidi kilomita 3,000 kutoka Georgia hadi Maine. Magharibi, njia ya John Muir ilikamilika mwaka 1938 baada ya zaidi ya miaka 20 ya kazi. Kipito chake cha Forester, kwenye kimo cha mita 4,000 hivi, kilichongwa kwenye ukuta wa mwamba, na kijana wa miaka 18 aliyefia kazini hapo mwaka 1930 amewekewa bamba la kumbukumbu.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikawachukua vijana, na njia zikaanza kuharibika. Adui mkubwa wa njia ya mlimani ni maji. Mvua ikipata mteremko ulionyooka, hushika mfereji uliochimbwa na viatu vya watu, na baada ya misimu michache njia inakuwa korongo. Ndiyo sababu fundi huilaza njia kidogo upande wa bonde ili maji yatoke, huweka mawe ya kukinga maji na kuyageuza, na hupanda kwa kona badala ya kukabili mlima uso kwa uso. Ukuta wa kuishikilia hujengwa bila saruji: jiwe kubwa chini, kila jiwe likikalia maungio ya mawili yaliyo chini yake, na ukuta mzima ukiegemea mlima. Kijana asiye na subira hutafuta jiwe linalobebeka. Msimamizi mzuri humrudisha akalete lile linalohitaji watu wanne na mitaimbo mitatu, kwa sababu ndilo litakalokuwapo miaka hamsini baadaye.

Aliyerudisha vijana milimani baada ya vita alikuwa msichana. Mwaka 1955 Elizabeth Cushman, mwanafunzi wa chuo cha Vassar, aliandika tasnifu akipendekeza kikosi cha wanafunzi wa kujitolea. Mwaka 1957 wanafunzi 53 walianza kazi katika hifadhi za Olympic na Grand Teton, na kutokana na hapo ikakua jumuiya ya wanafunzi wa uhifadhi, SCA. Rais Obama alimpa Cushman nishani mwaka 2010.

Sheria ya nyika ya 1964 ilibadilisha kazi yenyewe. Ndani ya maeneo iliyoyalinda, mashine za mota zilipigwa marufuku. Msumeno wa watu wawili ukarudi, na pamoja nao wazee waliojua kuunoa. Ujuzi ambao ungekufa katika kizazi kimoja ukawa hitaji la kisheria, na ukapitishwa kwa vijana papo kwa papo, huyu akivuta na huyu akiachia.

California ilichukua somo hilo mbali kuliko wengine. Gavana Jerry Brown alianzisha kikosi cha jimbo mwaka 1976, wasichana na wavulana pamoja, kwa kaulimbiu iliyoahidi kazi ngumu, malipo duni na mazingira mabaya. Watu waliomba nafasi kwa wingi! Tangu 1979 kikosi hicho hupeleka makundi madogo ndani ya milima ya Sierra kwa miezi mitano au zaidi. Chakula huletwa na nyumbu. Barua ndiyo habari. Msimamizi hula wanachokula na hulala kwenye hema kama wao, na wakigombana juu ya zamu ya kuosha sufuria hana ofisi ya kujifungia. Mkurugenzi wa kikosi hicho, B. T. Collins, aliyepoteza mkono na mguu Vietnam, alielewa jambo hilo kwa namna yake. Mwaka 1981 vijana wake walipotakiwa kufanya kazi kwenye maeneo yaliyopuliziwa dawa ya nzi wa matunda na wakaogopa, alikunywa glasi ya dawa hiyo iliyochanganywa na maji. Ulikuwa utovu wa akili, na sishauri mtu auige. Ila swali alilojibu ndilo ambalo kila kijana humuuliza kiongozi wake kimoyomoyo: wewe mwenyewe ungefanya?

Huku Afrika Mashariki nasi tuna JKT ya Tanzania tangu 1963 na NYS ya Kenya tangu 1964, vyote vikiwa na desturi ndefu ya vijana, kambi na majembe. Tuna pia njia zinazoliwa na mvua kwenye Kilimanjaro na Mlima Kenya, zinazokanyagwa na makumi ya maelfu ya wageni kila mwaka. Na wenyeji wenye uzoefu tunao tayari: wapagazi na waongoza wageni wa Marangu, Machame na Naro Moru, wanaojua kila mahali maji yanapovunja njia na ambao hukosa kazi mvua za masika zinapopunguza wageni. Hifadhi zetu zikiamua siku moja kuwapeleka vijana kutengeneza njia hizo, ziwaajiri watu hawa kuwa wasimamizi kabla ya kununua sururu ya kwanza, na ziwalipe kama mafundi.