Kalamu Isiyo na Pingu

Watu wengi hudhani kwamba Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ni askari wa mali ya umma. Sivyo. Hana pingu, hana mahabusu, wala hana mahakama. Alicho nacho ni kalamu. Kazi yake ni kulinganisha vocha na stakabadhi, leja na stoo, kisha kuandika alichokiona. Kukamata ni kazi ya wengine, na kuwahoji wakubwa ni kazi ya Bunge.

Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 143, inamtaka akague hesabu angalau mara moja kila mwaka na kumpelekea Rais taarifa. Rais huagiza iwasilishwe katika kikao cha kwanza cha Bunge, kabla ya siku saba kupita. Rais asipochukua hatua, Mkaguzi mwenyewe humpelekea Spika. Waliotunga ibara hiyo walijua kwamba karatasi hailiwi na mchwa peke yao. Hata droo ya mkubwa huweza kuimeza.

Tume ya Jaji Warioba ya 1996 ilituonyesha jinsi rushwa ilivyoenea nchini. Lakini tume ikimaliza kazi huvunjwa; mkaguzi hurudi kila mwaka. Ukaguzi maalumu wa akaunti ya EPA katika Benki Kuu ulibaini kwamba mwaka 2005/06 kampuni 22 zililipwa shilingi zaidi ya bilioni 133 isivyo halali. Januari 2008 Gavana aliondolewa, na baadaye watuhumiwa kadhaa wakafikishwa mahakamani. Mambo hayo yote yalianzia kwenye vitabu vya hesabu.

Nimekuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nami nawajua wakaguzi. Wao huandika "udhaifu" kama mwalimu aandikavyo "rudia": udhaifu wa stoo, udhaifu wa kumbukumbu. Si tusi. Humwambia mhusika mahali pa kurekebisha, naye hutakiwa kujibu hoja.

Basi nilishangaa mwaka 2019. Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mkaguzi Mkuu, aliulizwa kwa nini taarifa zake hazichukuliwi hatua, akajibu kwamba huo ni udhaifu wa Bunge. Januari akaitwa mbele ya kamati ya maadili. Aprili Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Hata hivyo taarifa zake ziliwasilishwa mwezi huohuo, maana Katiba haikuuliza kama Bunge linampenda mwandishi wake. Novemba, miaka yake 5 ilipotimia, aliteuliwa mtu mwingine. Ibara ya 144 inasema Mkaguzi haondolewi ila kwa kushindwa kazi au kwa tabia mbaya, tena baada ya tume kuchunguza. Ndiyo maana suala hilo lilifika mahakamani.

Hapo ndipo ninapoiona hatari kubwa. Mwizi wa fedha huiba za mwaka mmoja. Anayemtisha mkaguzi huiba na za miaka ijayo, kwa kuwa kalamu inayoogopa huandika "safi". Nasi raia tuna sehemu yetu. Taarifa hutolewa kila mwaka, nayo imeandikwa juu ya fedha zetu. Tuisome, kisha tuwaulize wabunge wetu hoja zimejibiwaje. Asiyesoma taarifa hana sababu ya kumlaumu aliyeifungia droo.