Kasida ya Burda: Kilio cha Mgonjwa Kilichokuwa Tiba ya Nyoyo



Ndugu zangu Waislamu, Kasida ya Burda tumeizoea. Mmoja huongoza, wengine huitikia, na watoto huishika kwa masikio kabla ya kujua maana yake. Lakini je, tunajua kuwa ilitoka kitandani kwa mgonjwa?

Mtunzi wake ni Imamu Muhammad Al-Busiri, aliyezaliwa Misri mwaka 608 Hijria (1212 Miladia). Alikuwa karani wa serikali katika mji wa Bilbays, na mara nyingi alitunga mashairi ya kuwasifu wakubwa ili apate riziki. Baadaye akawa mwanafunzi wa Sheikh Abul Abbas Al-Mursi wa Iskandaria, katika twariqa ya Shadhiliyya.

Kisha akapooza nusu ya mwili. Masimulizi yake mwenyewe yamehifadhiwa na mwanahistoria Ibn Shakir Al-Kutubi (aliyefariki 1363). Anaeleza kuwa katika hali hiyo alitunga kasida ya kumsifu Mtume (S.A.W.), akamwomba Allah amponye, akawa anairudia huku akilia, mpaka usingizi ukamchukua. Akamuota Mtume (S.A.W.) akimpangusa kwa mkono wake mtukufu na kumfunika joho, yaani burda. Alipoamka alijikuta na nguvu za kusimama.

Wengine huishia hapo, wakaifanya kasida kama hirizi. Hapana ndugu zangu! Tazameni mpangilio wake. Ina sehemu 10. Ya kwanza ni machozi na majonzi. Ya pili anailaumu nafsi yake na matamanio yake. Ndipo anaingia katika kumsifu Mtume (S.A.W.): kuzaliwa kwake, miujiza yake, Qur'ani, Israa na Miiraji, na jihadi yake. Katika sehemu ya tisa anakiri kuwa umri wake umepita katika mashairi na kuwatumikia watu, na anaomba kusamehewa. Ya kumi ni dua tupu.

Hiyo ndiyo njia ya moyo uliovunjika: kulia bila kuficha, kujihesabu, kumkumbuka aliye bora kuliko sisi, kisha kumkabidhi Allah mambo yote. Wakubwa aliowasifu kwa malipo hawakuweza kumwinua kitandani. Alipokosa wa kumtegemea miongoni mwa viumbe, ndipo alipojisalimisha kwa Muumba.

Kweli, wapo wanavyuoni waliopinga baadhi ya beti zake, wakiona zimevuka mpaka katika kumsifu Mtume. Tofauti hiyo tuiheshimu, na tuwafundishe watoto kuwa mponyaji ni Allah peke yake. Wala kasida haimzuii mgonjwa kwenda hospitali, kutafuta dawa ni katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.).

Wazee wetu wa pwani waliithamini hazina hii. Kasida nyingine ya Al-Busiri, Hamziyya, ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Sayyid Aidarus bin Athman wa Pate, na tafsiri hiyo ni miongoni mwa tungo kongwe za Kiswahili zilizohifadhiwa.

Basi wazazi, mtoto wako akifiwa, au akifeli mtihani na kujifungia chumbani, usimwambie tu "nyamaza". Kaa naye. Mwache alie, kisha msomeeni Mtume pamoja na mmalizie kwa dua.

Ya Allah, ziponye nyoyo zetu na miili yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.