Makaburi ya Mababu Zetu Yasema Nini?



Kama wewe ni mtoto wa Pwani, bila shaka ushaulizwa skuli au barazani: "Ati we ni Mwarabu ama Mwafrika?" Mmoja hucheka, mwingine hukasirika. Hebu tulitazame swali hili kwa utulivu, futari ikiwa bado jikoni.

James Kirkman alipoanza kuchimba Gede mwaka 1948, wataalamu wengi walikuwa wakiona msikiti wa mawe na kusema ni kazi ya wageni. Mwenyeji alishika jembe. Kalamu ilishikwa na mwingine. Miaka ya 1980, Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate. Chini ya msikiti wa Ijumaa akakuta misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, wa zamani zaidi ukiwa wa miti, wa karne ya 8 hivi. Naam, Uislamu wetu ulikulia hapa hapa, udongoni mwetu.

Mwaka 2023 kukatoka utafiti wa vinasaba, Mkenya Chapurukha Kusimba akiwa miongoni mwa waliouongoza. Walipimwa watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa, waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800. Wengi wao zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, hasa upande wa mama. Upande wa baba, wengi asili yao ni Uajemi. Kuchanganyika kulianza kiasi cha mwaka 1000, na damu ya Bara Arabu ikaongezeka baada ya 1500.

Unaona? Wazee waliposimulia habari za Washirazi, wasomi wengi walisema ni hadithi za kujikweza. Kumbe kulikuwa na ukweli ndani yake. Na waliosema Uswahili ni wa Kiafrika nao hawakukosea: lugha tunayoongea ni ya Kibantu, tumeachiwa na mama zetu.

Lakini kijana mwenzangu, mfupa wa Muislamu si kigae cha chungu. Amezikwa akielekezwa Kibla. Anayetaka kuchimba ni lazima akae na wazee kwanza: achukue nini, kiasi gani, na mabaki yarudishwe vipi kaburini. Kisha majibu yarudi kwetu, kwa lugha yetu.

Na sisi je? Mawe ya magofu twajengea, makaburi twayapitishia msingi wa nyumba! Ukikuta kaburi au vitu vya kale, simama, waite wazee, wajulishe watu wa Makumbusho. Sheria ya mwaka 2006 yataka hivyo. Na Ramadhani hii, baada ya tarawehe, muulize bibi yako alikotoka mamake. Andika jina kabla halijapotea.

Mwacha asili ni mtumwa. Ukiulizwa tena, jibu bila hasira: "Mimi Mswahili. Mama alikuwa wa hapa, baba akaja na jahazi, akaoa, akabaki."

Ramadhan Kareem.