Adabu za Ugeni katika Kisiwa cha Carriacou

Kisiwa cha Carriacou kimo katika Bahari ya Karibi, kaskazini-mashariki ya Grenada, nacho ni sehemu ya dola hiyo. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 34 tu. Wanaokuja kukaa huko ni wa namna mbili: wageni wa Ulaya na Marekani watafutao makao ya uzeeni, na wana wa kisiwa waliokwenda Uingereza au New York kufanya kazi, kisha wakarejea. Wote hupimwa kwa adabu zao, na adabu hizo hazifahamiki pasipo kuijua historia ya mahali.

Wafaransa walilima huko katika karne ya 18, na mwaka 1763 kisiwa kikaingia mikononi mwa Waingereza. Kazi ya mashamba ya pamba ilifanywa na watumwa waliotolewa Afrika. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1834, na kazi ya lazima iliyofuata ikaisha mwaka 1838. Baadaye mashamba makubwa yalizorota, na wenyewe wengi wakaondoka. Waliosalia ni watu ambao zamani walihesabiwa pamoja na mifugo. Haishangazi kwamba kwao kumtambua mtu kuwa ni mtu ndio mwanzo wa adabu zote.

Kwa hiyo aingiaye dukani au apandaye basi huwasalimu wote waliomo kabla ya kutaja haja yake. Jua likishakuchwa, maneno ya Kiingereza ambayo Uingereza ni ya kuagana usiku, huku ni ya kukutana. Mgeni akidhani anaagwa, watu watacheka tu. Lakini apitaye kimya huhesabiwa kuwa amewadharau. Kadhalika, nguo za kuogelea ni za ufukweni, si za njia za mji wa Hillsborough.

Jambo la pili ni ardhi. Sehemu yake hurithiwa na ukoo mzima bila kugawanywa, na walio ng'ambo wana haki sawa na waliobaki. Tena, kwa desturi, mahindi na mbaazi zikishavunwa, mbuzi na kondoo hufunguliwa wajilishe popote mpaka mvua zirudi. Apandaye bustani asiizungushie ua hana wa kumlaumu.

Adabu iliyo kuu zaidi imo katika karamu iitwayo saraka. Chakula hupikwa kikagawiwa watu bila malipo, na wazee waliokufa hutengewa sahani yao. Katika ngoma ya Big Drum, nyimbo hutaja mataifa ya asili: Cromanti, Igbo, Manding, Kongo na mengineyo. Jina saraka latokana na neno la Kiarabu lililotupa sisi sadaka. Carriacou lilifikishwa na watu wa Afrika Magharibi. Mgeni atakaye kulipia chakula hicho hajaelewa: anaalikwa awe miongoni mwa walaji, si mnunuzi.

Tarehe 1 Julai 2024 tufani iitwayo Beryl iliharibu sehemu kubwa ya nyumba za kisiwa. Baada ya msiba wa namna hiyo, mtu mmoja wa ukoo aweza kushawishika kuuza kilicho cha wengi, na mwenye fedha akanunua asiulize. Ndiyo maana salamu ya dukani si jambo dogo: asiyewaona walio mbele yake, hatawakumbuka warithi walio mbali.