S-400: Mjukuu wa kombora lililoangusha U-2

Asubuhi ya Mei Mosi mwaka 1960, Wasovieti wakijiandaa kwa gwaride, rubani wa Marekani Francis Gary Powers alikuwa akikatiza anga ya Sverdlovsk kwa ndege ya kijasusi ya U-2, kilomita zipatazo 21 juu ya ardhi. Alikuwa ametoka Peshawar, Pakistan, akielekea Bodø, Norwe. Tangu mwaka 1956 ndege hizo za U-2 zilikuwa zikipita na kupiga picha, na ndege za kivita za Wasovieti hazikuweza kuzifikia. Safari hii kombora la Wasovieti, S-75, lililipuka nyuma yake. Powers akashuka kwa mwavuli na kutiwa mbaroni. Katika pilikapilika hiyo kombora jingine liliangusha MiG-19 ya Wasovieti wenyewe na kumuua rubani wake, Sergei Safronov, habari iliyofichwa kwa miaka mingi.

Kwa ustadi wote huo, S-75 ilikuwa nzito kuhama. Mitambo sita ya kufyatulia ilipangwa kuizunguka rada, na kutoka angani umbo hilo lilionekana kama nyota. Katika vita vya Vietnam, marubani wa Marekani waliyaita makombora hayo nguzo za simu zinazoruka. Wavietnamu nao walizoea kufyatua, kufungasha na kuhamia kwingine kabla ya mabomu kuwafikia.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 ikaja S-300, ambayo baadaye iliwekwa juu ya malori. Ukiona ikifyatuliwa, jambo la kwanza linatisha: kombora linatupwa juu kutoka kwenye bomba lililosimama wima, linaning'inia hewani kitambo kidogo kana kwamba litaanguka, ndipo injini inawaka na linajielekeza lenyewe kwa adui. Kwa kuwa linapanda wima kwanza, hakuna haja ya kugeuza lori.

S-400, iliyobuniwa na Almaz, kampuni ile ile iliyounda S-75, ilianza kazi mwaka 2007 ikilinda Moscow. Kombora lake la masafa marefu zaidi linatajwa kufika kilomita 400, namba ambayo magazeti huipenda mno. Lakini dunia ni mviringo. Ndege inayoruka chini hujificha nyuma ya upeo wa macho, na rada iliyo ardhini huiona ikiwa imebakiza makumi machache tu ya kilomita. Na hata kuona si kufyatua. Mei 28, 1987, kijana wa Kijerumani Mathias Rust aliruka na Cessna kutoka Helsinki hadi jirani na Red Square. Rada zilimwona, makombora yalikuwa tayari, amri haikutoka. Waziri wa Ulinzi wa Wasovieti, Sergei Sokolov, alifukuzwa kazi.

Uturuki, mwanachama wa NATO, ilipoinunua S-400, kisa cha U-2 kiligeuka juu chini. Zamani Marekani ilituma ndege kuchungulia makombora. Sasa ilihofia rada ya makombora ingeichungulia ndege yake mpya, F-35. Shehena ya kwanza ilishushwa karibu na Ankara Julai 12, 2019. Siku tano baadaye Washington ikatangaza kuitoa Uturuki katika mradi wa F-35, ndege ambayo viwanda vya Kituruki vilikuwa vikiitengenezea vipuri.